Maandalizi ya Safari ya Kutch



Katika furaha hii ya kuadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, tumeombwa tuseme machache kuhusu safari ya mwezi Desemba. Kundi letu litakwenda Kutch, katika jimbo la Gujarat nchini India, kuwaona watoto tunaowalipia ada na gharama za bweni.

Kutch si ugenini kwetu. Wengi wa babu zetu walipanda majahazi katika bandari ya Mandvi, wakaletwa na pepo za kaskazi hadi Unguja na Mombasa. Kusi ilipovuma, mwenye uwezo alirudi kuwasalimu wazazi. Aliyebaki alituma fedha na barua. Tarehe 26 Januari 2001, tetemeko la ardhi lilipoibomoa miji ya Bhuj, Anjar na Bhachau na kuua watu zaidi ya 13,000, ukumbi huu ulijaa mablanketi na bahasha za michango. Ufadhili wetu ulianzia hapo. Watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima. Wa leo hawakuliona tetemeko. Ni watoto wa wafugaji na wavuna chumvi, ambao kazi za wazazi wao haziendani na ratiba ya shule.

Tuanze na yaliyo mepesi. Kila msafiri ahakikishe ana cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na sindano iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuingia India. Asiye na cheti anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku 6, na basi haliwezi kumngoja. Kutoka Ahmedabad hadi Bhuj ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Wazee wenye dawa wasizifungie katika mizigo mikubwa. Vijana wanaodhani India yote ni joto wachukue sweta. Usiku wa Desemba kule utawafundisha.

Sasa tuje kwenye yaliyo mazito. Mvua za kule zinapokwisha, baadhi ya wazazi wa watoto hawa huhamia katika jangwa la Rann Ndogo, wakavuna chumvi kwa muda wa miezi kama 8. Kwa hiyo mwezi wa Desemba tutawakuta watoto bwenini, na wazazi wao wako chumvini. Ni rahisi mtu kujisahau, akamwambia mtoto, “Mimi ndiye baba yako sasa.” Tunawasihi, neno hilo lisitamkwe. Baba yake yupo, amesimama katika maji ya chumvi ili mwanawe asome. Sisi tunalipa ada. Yeye ndiye aliyemtoa mwana. Tukijitambulisha kwa heshima ya Kigujarati, tuwe kaka na fui, yaani baba mdogo na shangazi. Inatosha, nayo ni heshima kubwa.

Tuna jambo jingine la kuungama. Katika safari iliyopita, mmoja wetu alimwahidi mvulana baiskeli. Alisema kwa moyo mweupe, akapiga naye picha, akapanda basi. Aliporudi, duka lilimmeza: makontena, kodi, wateja. Baada ya miaka 2 ilikuja barua ya mvulana yule, yenye mwandiko mzuri, ikiuliza kama baiskeli ilipotea njiani. Hakulalamika. Alikuwa akimwonea huruma mfadhili wake kwa mali iliyopotea. Hatuna haja ya kumtaja mwenye ahadi. Anayesimama mbele yenu anamfahamu kuliko yeyote humu ukumbini.

Wahenga wa pwani walisema ahadi ni deni, na sisi wafanyabiashara tunajua deni ni nini. Mkopo wa benki hatuusahau hata usingizini. Mbona la mtoto tulilisahau? Safari hii baiskeli itanunuliwa Bhuj kwenyewe. Lakini mvulana amekwisha maliza masomo na kuondoka, hivyo itabaki bwenini kwa matumizi ya wote. Deni limelipwa, ila si kwa aliyedai.

Kwa sababu hiyo kamati imeazimia mambo matatu. Zawadi zitakusanywa pamoja na kukabidhiwa kwa uongozi wa bweni, ili asiwepo mtoto wa kutazama mwenzake akifungua furushi. Hakuna mtoto atakayesimamishwa kutuvisha mashada wala kusoma shukrani. Na hakuna atakayeahidi kitu ambacho hakijaandikwa katika daftari la kamati.

Bhagavad Gita, katika sura ya 17, inatofautisha utoaji unaofanywa kwa kuwa ni wajibu na ule unaotafuta malipo. Shukrani nazo ni malipo. Tukienda kuzichuma, tutakuwa tumekwenda kudai.

Basi twendeni kama walivyokwenda babu zetu msimu wa kusi: kusalimu, kuuliza hali, kukaa chini na kula pamoja. Mtoto akitaka kutuonyesha daftari lake, tulisome. Akitaka kunyamaza, tunyamaze naye.

Tunawatakia sikukuu njema, na wasafiri wetu waende na kurudi salama.