Hesabu Isiyofika Mezani

Msikilizaji, ugomvi wa mapato kati ya wachezaji wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, na wamiliki wa timu husimuliwa kama ugomvi wa matajiri kwa matajiri. Ni kweli, hakuna maskini pale. Lakini vitabu vyao vya hesabu havifanani.

Julai 1, 2011, wamiliki waliwafungia wachezaji milango. Haukuwa mgomo, ingawa wapo wanaouita hivyo hadi leo. Mkataba uliokwisha uliwapa wachezaji asilimia 57 ya mapato ya ligi. Wamiliki, wakidai kuwa timu 22 kati ya 30 zinapata hasara, walitaka fungu hilo lipunguzwe. Mvutano ukafika Desemba, msimu ukakatwa kutoka mechi 82 hadi 66, na wachezaji wakakubali kati ya asilimia 49 na 51.

Sasa tuitazame hiyo hasara. Kinachogawanywa ni fedha za tiketi, televisheni, matangazo na kadhalika. Fedha za kuuza timu yenyewe hazimo kabisa. Donald Sterling aliinunua timu ya Clippers mwaka 1981 kwa takribani dola milioni 12. Kwa miaka mingi timu hiyo, tukubaliane, haikumtisha mtu. Hata hivyo, mwaka 2014 Steve Ballmer aliinunua kwa dola bilioni 2. Mgawo wa wachezaji haukugusa hata senti moja ya mauzo hayo, nao ndio wanaojaza viti.

Wakirudi mezani, mmiliki anayelia hasara aulizwe kwanza: timu yako ungeiuza kwa bei gani?