Moduli Isiyojibu: Tuanzie Wapi?

Mazungumzo kwa mafundi wa zahanati na vituo vya afya, katika semina ya utunzaji wa majokofu ya chanjo



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kulitazama mara ya kwanza ni dogo. Fundi anaunganisha moduli ya simu kwenye kompyuta ili aijaribu, anaandika amri, na moduli inakaa kimya. Au inajibu kwa herufi zisizosomeka. Mara nyingi kinachofuata ni kusema "hii imekufa". Inatupwa kwenye boksi la vifaa vibovu, na barua ya kuomba fedha za kununua nyingine inaandikwa siku hiyo hiyo. Tumepata nafasi ya kupekua maboksi ya namna hiyo katika vituo kadhaa, na tunaweza kusema bila kusita kwamba moduli nyingi zilizomo ni nzima. Kilichokuwa na kasoro ni waya, au umeme, au kasi iliyochaguliwa kwenye programu.

Gharama ya moduli siyo kubwa sana. Kubwa ni muda ambao jokofu linabaki bila mlinzi. Kama mjuavyo, chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Kihisi kilichomo ndani ya jokofu kinapima, ubao mdogo unasoma, na joto likitoka nje ya mipaka hiyo moduli ya GSM inatuma ujumbe kwa muuguzi wa zamu. Wengi wetu tunaogopa joto kupanda umeme unapokatika. Ikumbukwe kuwa baridi nayo inaua: chanjo ya homa ya ini B na ile ya pentavalenti zikiganda zimeharibika, na kuyeyuka hakuzirudishii nguvu. Mtoto atachomwa sindano, kadi itaandikwa, mama atarudi nyumbani akiwa na amani, na kinga haipo. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya waya tatu, tunazungumza juu ya mtoto huyo.

Basi tuziangalie hizo waya tatu. Moja imeandikwa TX, ndiyo inayotoa maneno. Ya pili imeandikwa RX, ndiyo inayopokea. Ya tatu ni GND, waya wa hasi, ambao pande zote mbili zinautumia kama msingi wa kupimia volti. Mawasiliano ya seriali hupitisha kila herufi kipande kwa kipande katika waya mmoja, na hakuna waya wa nne wa kuhesabu mapigo. Ni kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: wasipokubaliana mwendo kabla ya kuanza, michi itagongana. Mwendo huo hupimwa kwa baudi, neno lililotokana na jina la Émile Baudot, Mfaransa aliyetengeneza mitambo ya telegrafu. Kwa kasi ya 9600, kila kipande kinadumu takriban sehemu 104 za milioni ya sekunde. Upande mmoja ukiwa kwenye 9600 na mwingine kwenye 115200, kinachoonekana kwenye kioo ni takataka.

Na hapa tuseme neno la faraja: takataka ni habari njema. Herufi zisizosomeka maana yake waya umefika, umeme upo, na kuna kitu kinasema upande wa pili. Badilisha kasi moja baada ya nyingine, 9600, 19200, 38400, 57600, 115200, na mara nyingi takataka hugeuka kuwa maneno. Ukimya ndio mgumu zaidi, kwa sababu una sababu nyingi.

Ushauri wetu kwa ukimya ni kuigawa njia vipande, na kutovuka kipande kimoja kabla hujakithibitisha. Anzia kwenye kompyuta, siyo kwenye moduli. Ukichomeka adapta ya USB, je, poti mpya inaonekana katika orodha ya vifaa vya kompyuta? Kama haionekani, badilisha waya wa USB kwanza. Nyaya nyingi zinazouzwa barabarani kwa ajili ya kuchajia simu zina waya mbili tu ndani, za umeme peke yake, na hazipitishi data hata kidogo. Taa ya adapta itawaka, nawe utadhani mambo yako sawa.

Kama waya ni mzuri na poti bado haionekani, tazama programu ndogo inayoendesha adapta, ile mafundi wanayoiita draiva. Adapta za bei rahisi mara nyingi zimetengenezwa kwa chipu za kuigiza. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI, yenye makao yake Scotland, ilitoa draiva mpya iliyofanya chipu za kuigiza zenye jina lake zisitambuliwe tena na kompyuta. Ililalamikiwa sana na ikaiondoa. Watumiaji wengi hawakujua hata kidogo kwamba walikuwa na chipu bandia. Tazama pia kama poti imeshikwa na programu nyingine uliyoisahau wazi, kwa sababu kwa kawaida poti moja hutumiwa na programu moja kwa wakati.

Poti ikionekana, fanya jaribio la mwangwi. Tungependa kila mmoja aondoke hapa akilijua hili, hata kama atayasahau mengine yote. Iondoe moduli kabisa. Chukua kipande kifupi cha waya, unganisha TX ya adapta na RX ya adapta hiyo hiyo. Fungua programu kama PuTTY, chagua poti, andika herufi yoyote. Unachoandika kinatakiwa kirudi kwenye kioo. Kisha chomoa kile kipande cha waya na uandike tena: herufi zisirudi. Hatua hii ya pili wengi huiacha, na ni muhimu kuliko ya kwanza, kwa kuwa programu nyingine zimewekwa zionyeshe zenyewe unachoandika, waya uwepo usiwepo. Zikirudi ukiwa umeunganisha na zikakoma ukichomoa, basi kompyuta, waya wa USB, draiva na adapta vyote ni vizima. Kwa dakika mbili umemaliza nusu ya safari.

Sasa rudisha moduli. TX ya adapta iende kwenye RX ya moduli, na RX ya adapta iende kwenye TX ya moduli. Mmoja anaposema mwingine asikilize. Lakini watengenezaji wa baadhi ya mbao wameandika TX wakimaanisha "hapa unganisha TX yako", hivyo ukikosa jibu jaribu kuzigeuza hizo mbili. Kwa volti sahihi, kuzigeuza kwa muda mfupi kwa kawaida hakuleti madhara. GND isisahaulike, hasa pale moduli inapopata umeme kutoka kwenye betri yake na data kutoka kwenye kompyuta. Hasi ya betri na GND ya adapta ni lazima zikutane.

Volti ndiyo inayoua kweli. Ile poti ya zamani yenye pini 9 nyuma ya kompyuta hutumia RS-232, ambayo hupanda hadi volti kadhaa chanya na kushuka hadi volti kadhaa hasi, mara nyingi karibu 12 kila upande. Kuiunganisha moja kwa moja na moduli ni kuichoma. Katikati iwekwe chipu ya kubadilisha, kama MAX3232. Moduli ya SIM800 tunayotumia katika visanduku vyetu, pini zake za data ni za volti 2.8 hivi. Kama adapta yako inatoa volti 5, weka rezista mbili za thamani sawa, kwa mfano kilo-omu 10 kila moja, kati ya TX yake na GND, na uchukue data katikati. Utapata volti 2.5, nazo zinatosha.

Sasa tufike kwenye kile kinachowasumbua wengi wenu, yaani umeme wa moduli yenyewe. SIM800 inataka volti kati ya 3.4 na 4.4. Volti 5 ya USB ni nyingi mno, na volti 3.3 ya adapta ni kidogo. Tena ile pini ya volti 3.3 kwenye adapta zenye chipu ya FT232R hutoa miliampea 50 tu, wakati moduli hii inapotafuta mnara huvuta hadi ampea 2 kwa mapigo mafupi sana. Mapigo hayo mmewahi kuyasikia. Simu ikiwa karibu na redio, redio hukoroma tr-tr-tr kabla simu haijaita. Huo ndio mlio wa mapigo ya GSM, 217 kwa sekunde.

Katika kila pigo volti inashuka, na kama chanzo ni dhaifu au waya ni nyembamba na ndefu, moduli inazimika na kuanza upya. Fundi akipima kwa mita anaona volti 4 safi, kwa sababu mita ya kawaida ni ya polepole na haiwezi kuona pigo lisilofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo usiiamini mita peke yake, itazame na taa. Taa ya mtandao ya SIM800 huwaka karibu kila sekunde moja inapotafuta mnara, na kila sekunde tatu inapokuwa imesajiliwa. Ikiwaka mara chache kila sekunde, ikazimika, ikaanza tena, na kuendelea hivyo bila kikomo, huo ni ugonjwa wa umeme. Dawa yake ni betri ya lithiamu yenye afya, waya fupi na nene, na kapasita kubwa ya maikrofaradi 1000 hivi karibu kabisa na moduli.

Umeme ukitulia, subiri sekunde tatu kisha andika AT kwa herufi kubwa na ubonyeze Enter. Amri hizi zina historia ndefu, zilianza na modemu ya Hayes ya mwaka 1981, na AT ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kuita mtu asikilize. Rudia mara tatu au nne, kwa kuwa moduli hii huanza kwa kuisikiliza kasi yako ili iifuate. Ikijibu OK, tunapendekeza uifungie kasi moja kwa AT+IPR=9600 kisha AT&W, ili isibahatishe tena huko kituoni usiku wa manane.

Yaliyobaki ni ya mtandao. AT+CPIN? ijibu READY, vinginevyo laini haijakaa vizuri au ina namba ya siri. AT+CSQ hutoa kipimo cha mawimbi kutoka 0 hadi 31, na 99 maana yake haijulikani. Chini ya 10 tafuta namna ya kuitoa antena nje ya bati. AT+CREG? ikimalizia na 1 au 5 umesajiliwa, 2 inatafuta, 3 umekataliwa, na hapo uulize kama laini imefungiwa. Ukituma ujumbe kwa AT+CMGS, malizia kwa Ctrl na Z kwa pamoja, siyo Enter. Tumeona watu wakikaa dakika kumi wakisubiri ujumbe ambao moduli bado inasubiri waumalize.

Tuongeze kwamba SIM800 ni ya mtandao wa 2G pekee. Nchini Marekani AT&T ilizima 2G yake mwanzoni mwa mwaka 2017, na huko vifaa vingi vizima vikabaki bila kazi. Mnapoagiza vipya, ulizieni vya 4G. Amri za msingi ni zile zile.

Jambo moja tunalisisitiza: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Katika kituo kimoja fundi alibadilisha waya, kasi na betri kwa mkupuo, moduli ikafufuka, akafunga kisanduku akiwa na furaha. Baada ya wiki chache ikanyamaza tena, na hakuna aliyejua ni lipi kati ya yale matatu lilikuwa limeiponya. Andika kwenye karatasi, ndani ya kifuniko cha kisanduku, kasi uliyoifungia, rangi za waya na tarehe ya betri. Atakayekuja baada yako huenda hakufahamu.

Nanyi wauguzi, mna haki ya kudai kitu kimoja kwa mafundi hawa. Kisanduku kinachotuma ujumbe pale tu jokofu linapoharibika hakiwezi kuaminiwa, kwa sababu ukimya wake una maana mbili: jokofu ni salama, au moduli imezimika. Dai kitume joto la jokofu kila asubuhi, hata kama hakuna tatizo. Siku ujumbe wa asubuhi usipofika, nenda ukasome kipimajoto kwa macho, kisha mwite fundi.

Kwenye kila meza kuna adapta moja, kipande cha waya chekundu na moduli kutoka katika boksi la vifaa vibovu la mojawapo ya vituo vyenu. Tuanze na mwangwi.