Mgodi Wetu wa Zamani: Yaliyobaki Yahesabiwaje?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama. Yamenakiliwa hapa ili wale ambao hawakuhudhuria wayasome kabla ya siku ya kupiga kura.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo lililoletwa mbele yetu, yaani chama kitoe fedha za akiba, zile za pamba, tununue hisa katika kazi ya kuosha upya mchanga wa mgodi wa zamani. Waliolileta wametuonyesha jiwe linalong'aa na karatasi moja ya maabara. Wanasema eti dhahabu iliyobaki itatosha mpaka wajukuu. Sikuja kusema kwamba ni waongo, wala kwamba ni wakweli. Nimekuja kueleza jinsi madini yaliyobaki yanavyohesabiwa, ili kila mwanachama apime mwenyewe.

Kwanza tuujue mgodi wenyewe. Dhahabu ya upande huu wa Nyanza Kusini ilianza kuchimbwa na wakoloni miaka ya 1930. Macalder haukuwa mgodi wa dhahabu peke yake. Mwamba wake una shaba, dhahabu, madini ya fedha na zinki, vyote vimeshikana na kiberiti. Baada ya Vita Kuu ya Pili shirika la Uingereza la kuendeleza makoloni liliingia katika kazi hiyo, na shaba ikachimbwa chini kwa chini. Mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Yaliyobaki yako mahali pawili: chini ya ardhi, na juu, katika vilima vya mchanga uliokwisha kusagwa.

Yale ya chini ni magumu kuhesabu. Mtu atasema, "Si tuchukue kilichokuwapo, tutoe kilichochimbwa, tupate kilichobaki?" Hesabu hiyo ni sawa ukiwa na daftari zote mbili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mgodi uliofungwa una njia zilizojaa maji, na una nguzo za mwamba zilizoachwa makusudi ili dari lisianguke. Nguzo hizo zina madini, na kwa hesabu ya karatasi yamebaki. Lakini anayezichimba anaweza kuliangusha dari juu ya kichwa chake. Kwa hiyo wataalamu hutafuta ramani za zamani, kisha hutoboa mwamba kwa mtambo, shimo baada ya shimo, kwa vipimo vya umbali. Kila kijiti cha mwamba kinachotoka hupasuliwa katikati. Nusu moja huenda maabara, na nusu ya pili huhifadhiwa ili mwenye shaka akapime tena.

Sasa tuje kwenye vilima vya mchanga, maana ndivyo tunavyoombwa fedha kwa ajili yake. Hapa hesabu ni nyepesi, hata mtoto wa shule anaiweza. Tuseme kilima kina urefu wa mita 100, upana wa mita 100, na kimo cha wastani cha mita 4. Hizo ni mita za ujazo 40,000. Tuseme kila mita ya ujazo ina uzito wa tani moja na nusu. Tunapata tani 60,000. Kama kila tani ina gramu moja na nusu ya dhahabu, ndani ya kilima mna kilo 90.

Lakini hakuna anayetoa zote. Dhahabu nyingine imefungwa ndani ya punje za kiberiti, na sayanidi haiifikii. Tukitoa sitini katika mia, tunabaki na kilo 54. Ni mali, sikatai. Ila kumbukeni, tumesema "tuseme" mara mbili.

Sasa hebu tuweke ile karatasi ya maabara mahali pake. Tuchukulie inasema gramu tisa kwa tani. Mtu akizidisha kwa tani zote 60,000 atatutangazia kilo 540! Hakuongeza hata kijiko cha mchanga. Amechukua kipimo cha mahali pamoja, akakifanya cha kilima kizima. Na mahali pale palichaguliwa na nani? Dhahabu ni nzito, hukusanyika huku ikakosekana kule.

Sisi wakulima jambo hili tunalijua. Mnunuzi wa mahindi hatazami punje za juu ya gunia. Huchoma kwa bambo, juu, katikati na chini, tena magunia mengi. Basi kilima nacho kichomwe hivyo hivyo, kwa mistari, toka juu mpaka kwenye udongo wa asili, na kila sampuli iandikwe namba yake.

Wataalamu huyagawa makadirio katika madaraja matatu: ya kukisia, ambapo vipimo ni vichache, ya kuonyesha, ambapo vipimo vimekaribiana, na ya kupimwa hasa. Juu ya hayo kuna jambo jingine: si kila kilichomo kinalipa kukitoa. Kinacholipa ni kile kinachobaki na faida baada ya kulipia mafuta, mitambo, dawa, vibarua na kusafisha mazingira. Kwa mchanga wetu kuna gharama ya pekee. Shaba hula sayanidi. Dawa ambayo ingeyeyusha dhahabu huishia kwenye shaba, na ni wewe unayeinunua. Tena kiberiti kikikutana na hewa na mvua hutoa maji makali, yanayoua samaki na kuharibu mashamba.

Tazameni majirani zetu wa Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi tangu mwaka 1956 hadi 1982. Ulipofungwa, mwamba wenye shaba ulikuwa bado upo, na hesabu yake ilijulikana miaka yote. Hata hivyo shaba hiyo ilikaa chini miaka mingi, maana kuijua si kuitoa. Lakini kule nje palikuwa na rundo lililoachwa, lenye kobalti. Miaka ya 1990 likajengewa kiwanda, na vijidudu vikatumiwa kulitenganisha. Basi kilichoitwa taka kikawa mali, baada ya kupimwa vizuri na njia ya kukitoa kupatikana.

Kwa hiyo, wanachama wenzangu, kabla ya kura naomba tuwaulize wageni wetu mambo manne. Sampuli ni ngapi, na zilichukuliwa wapi? Nani alizichukua, na je, tunaweza kupeleka nyingine kwenye maabara tuliyoichagua sisi? Wakitoa gharama zote, kinabaki nini? Na leseni ni ya nani? Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya shamba lako. Asiye na leseni hana hisa za kutuuzia.

Wakijibu kwa maandishi, tukae tuhesabu pamoja. Wakikasirika, nalo ni jibu. Fedha hizi ni jasho la msimu mzima, na wengine wetu ndiyo karo ya watoto. Kuuliza si ujinga. Kilima kimekaa pale tangu mwaka 1966, hakitakimbia kwa kusubiri vipimo vya mwezi mmoja.