Mhasibu si wa Wenye Maghorofa Tu

Likitajwa neno mhasibu, wengi wetu humfikiria mtu wa tai, aliyekaa kwenye kiyoyozi akihesabu fedha za kampuni kubwa. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi mwaka 2020, pale dada yangu, mwenye genge la nyanya, vitunguu na mafuta ya kupima huko Temeke, aliponijia na karatasi ya makadirio ya kodi. Shilingi 100,000. Alikuwa karibu kulia. "Kaka, wewe una redio. Nisemee, wananionea hawa."

Kalamu ikaanza kuniwasha. Bahati nzuri nilimpeleka kwanza kwa jirani yangu, mzee mstaafu aliyefanya kazi ya uhasibu kwa miaka mingi. Mzee aliitupia jicho ile karatasi, kisha akauliza, "Mwanangu, daftari lako la mauzo liko wapi?" Dada akagusa kichwa chake. Daftari lilikuwa humo.

Basi mzee akatueleza. Dada alikuwa akiuza kama shilingi 16,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka zinakaribia milioni 5. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyeweka kumbukumbu, alitozwa shilingi 100,000. Aliyeweka kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Piga hesabu mwenyewe: kilichozidi ni milioni moja, na asilimia 3 yake ni shilingi 30,000. Hakuna aliyemwonea. Zile 70,000 zilikuwa bei ya kukosa daftari, na mwaka ule alizilipa. Nami niliponea chupuchupu kumlaumu mtu hewani bure.

Mambo hayakuishia kwenye kodi. Mzee alimtaka aandike kila kinachoingia na kinachotoka kwa mwezi mmoja, kisha wakakaa pamoja jioni. Ikaonekana kwamba ndoo ya mafuta ya lita 20 ilikuwa ikileta fedha za lita 17 tu. Tatu zilikuwa zikiishia kwenye kikaango cha nyumbani! Nauli za watoto nazo zilitoka kwenye droo ya genge. Mzee hakumkataza kula. Alimwambia ajipangie mshahara, na akichukua mafuta ayalipie kama mteja mwingine.

Mtauliza, mhasibu wa namna hiyo analipwa nini? Mwenye genge hahitaji kumwajiri. Anaweza kumlipa kwa kazi, mara moja au mbili kwa mwaka: kupanga daftari, kuangalia makadirio, kumweleza viwango vinapobadilika, maana hubadilika. Mkubaliane malipo kabla, na umuulize kama amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Akikushauri uwe na madaftari mawili, moja lako na moja la kumwonyesha mtu wa kodi, muage kwa adabu uondoke. Siku mambo yakiharibika, jina lililoko kwenye leseni ni lako, si lake.

Dada sasa yuko kwenye daftari la nne. Jumapili iliyopita nilipita nikachukua mafungu mawili ya nyanya, kama nilivyozoea. Akalamba kalamu, akaandika jina langu upande wa wadaiwa.