Zrenjanin: Mji Uliobatizwa Mara kwa Mara

Leo tuko kaskazini mwa Serbia, jimbo la Vojvodina, katika mji ulio kando ya mto Begej. Mtoto aliyezaliwa hapo mwaka 1930, kabla hajatimiza miaka 17, anwani yake ilikuwa imebadilika angalau mara tatu, naye hajahama nyumba.

Jina la zamani ni Bečkerek, linalotajwa tangu 1326. Mwaka 1551 mji ulitekwa na jeshi la Waturuki chini ya Mehmed Pasha Sokolović, mzaliwa wa Bosnia ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa dola yote ya Osmani. Mwaka 1718 eneo zima likaangukia mikononi mwa watawala wa Vienna. Wajerumani, Wahungaria na Waserbia wakaishi pamoja, kila kundi likilitamka jina kwa ulimi wake. Waserbia walisema Veliki Bečkerek, yaani Bečkerek Kubwa, kwa kuwa kuna nyingine ndogo upande wa Rumania.

Kisha siasa ikaingia. Mwaka 1935 ufalme wa Yugoslavia uliupa mji jina la Petrovgrad, kwa heshima ya Mfalme Petar wa Kwanza, aliyefariki 1921. Mwaka 1941 majeshi ya Hitler yakavamia, jina la Kijerumani likarudi, na sanamu ya mfalme akiwa juu ya farasi ikavunjwa.

Vita vikaisha, wakomunisti wakashika nchi. Mwaka 1946 mji ukaitwa Zrenjanin, kumkumbuka Žarko Zrenjanin, mwalimu wa shule aliyeongoza wapiganaji wa chini kwa chini, akauawa 1942. Mpaka hapo, wasikilizaji, sioni popote wenyeji walipoulizwa wanataka nini.

Wakaulizwa 1992. Yugoslavia ilikuwa inavunjika, na miji mingine ilikuwa ikivua majina ya wakomunisti: Titovo Užice ikabaki Užice tu, na kule Montenegro Titograd ikarudia kuitwa Podgorica. Wengi tungetarajia hapa pia mfalme arudi. Kura zikapigwa, na jina la mwalimu likabaki.

Hata hivyo mfalme hakukosa kitu. Mwaka 2005 sanamu yake mpya ilisimamishwa katika uwanja mkuu wa mji, na wako wenyeji wanaoendelea kujiita watu wa Bečkerek.