Haki ya Mjane katika Pensheni ya Marehemu



Nimeombwa niseme juu ya mirathi. Kwa idhini yenu nitasema juu ya jirani yake, ambaye watu humchanganya naye, yaani pensheni ya mume aliyefariki.

Fungu la mjane twalijua tangu chuoni. Sura ya Annisaa imempa thumni marehemu akiacha mtoto, na robo asipoacha. Pensheni ya mjane haimo katika hesabu hiyo. Fedha ambazo marehemu alistahili kulipwa kabla hajafa, hizo ni mali yake, nazo hugawanywa baada ya madeni na wasia. Lakini ile inayoanza baada ya kifo si mali aliyoiacha. Wanazuoni wengi wa zama hizi waiona kuwa ni haki ya wale ambao sheria imewataja, mjane na mayatima. Shemeji ajaye siku ya tatu akitaka igawanywe hana hoja, hata kilemba chake kiwe kikubwa namna gani.

Taasisi ya usalama wa jamii, ambayo sote twaiita INSS, iliundwa 1962, mwaka ule ule wa uhuru wetu. Mjane afikapo mbele ya karani huulizwa kwanza cheti cha ndoa. Hapa ndipo paniponapo huzuni.

Wengi wetu tuliozwa kwa walii, mashahidi na mahari. Ndoa hiyo ni sahihi mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini sheria ya Burundi ya watu na familia, ya 1980 na iliyorekebishwa 1993, haitambui ila ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa komini. Nilimsindikiza mama mmoja wa Buyenzi, aliyekaa na mumewe zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa na majirani wa kumshuhudia, na hati ya sheikh iliyokunjwa ndani ya khanga. Karani aliisoma kwa adabu, akamrudishia. Watoto walikubaliwa, kwa kuwa baba yao aliwaandikisha. Mama yao hakukubaliwa.

Mwaka 2017 serikali ilipowataka watu wafunge ndoa za komini kabla ya mwaka kwisha, baadhi yetu tulinung'unika kwamba sisi tumekwisha kuoa. Kweli tumeoa. Aliyelipia manung'uniko yetu ni yule mama.

Na mke wa pili? Mitala imekatazwa na sheria, basi mbele ya karani hana jina. Mwenye wake wawili asimwache kutegemea huruma ya mke mwenziwe. Ampe hiba angali hai na mwenye afya, nyumba au kiwanja, amkabidhi mbele ya mashahidi. Maana wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenziwe wakiridhia.

Wanaume ambao hawajafika komini, nawaomba wasitoke baada ya sala ya Alasiri. Tutaandika majina yao, twende pamoja Jumatatu.