AMANA YA MSEMAJI WA WATU

Maneno ya mazungumzo kwa wenye kazi ya habari na uhusiano mwema, Busia na Malaba



Kazi yetu ni kuwaeleza watu habari za wakubwa wetu, na kuwaeleza wakubwa habari za watu. Wengi hushika nusu ya kwanza, wakaisahau ya pili. Leo nataka tuitazame kazi hiyo kwa mfano uliotokea hapa mpakani.

Tarehe 5 Machi, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilitoa barua kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania, kwa kuwa vipimo vilionyesha sumukuvu iliyozidi kiasi. Malori yakasimama Busia na Malaba. Tarehe 10 Machi Wizara ya Kilimo iliondoa zuio hilo kwa masharti: waagizaji waandikishwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haipiti sehemu 10 katika sehemu bilioni moja.

Fikirini hali ya msemaji katika siku tano hizo. Mwenye lori auliza, "Nirudi au ningoje?" Mama wa soko la Bumala auliza, "Je, unga nilio nao ni salama?" Msemaji akinyamaza, uvumi utajibu badala yake, nao utasafiri kwa boda boda kabla ya barua kusomwa.

Kwanza, yampasa asifiche hatari. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Akiambiwa alegeze maneno ili biashara isiharibike, hana budi kukataa.

Pili, asiitumie hatari hiyo kumtia jirani aibu. Wale wa mwaka 2004 walidhuriwa hasa na mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Kuvu haina pasi, wala haijui mpaka. Watu wa Marachi wana ndugu na wakwe ng'ambo. Atakayesema "mahindi ya Uganda ni sumu" amechanganya kweli kidogo na uongo mwingi, na mchanganyiko huo ni mgumu kuutenganisha.

Tatu, awape watu la kufanya: wakaushe mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, na magunia wayaweke juu ya mbao, mbali na unyevu.

Mtasema, "Lakini mshahara watoka kwa mkubwa." Ni kweli, na hapo ndipo penye taabu. Hata hivyo sheria ni ngao yetu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 yataka ombi la habari lijibiwe kwa siku 21, na likihusu uhai wa mtu, kwa saa 48. Tena tukumbuke kampuni ya Bell Pottinger ya London. Septemba 2017 ilifukuzwa katika chama cha wenzake kwa kazi iliyochochea chuki ya rangi Afrika Kusini, na mwezi ule ule ikaanguka.

Njia ya mwongo ni fupi. Mkubwa aweza kumpa msemaji cheo, lakini watu ndio wanaompa masikio, na wakiyaondoa, cheo hakitayarudisha.